Maswali ya Wasomaji: Ni Nani Yumo Ndani ya Wi-Fi Yangu?

SWALI

Ndugu Mshauri, salaam. Mimi ni mwalimu mstaafu ninayeishi Gungu, hapa Kigoma, katika nyumba yenye wapangaji wanne upande wa uani. Nina ruta ya laini ya simu ambayo tunailipia kifurushi cha mwezi kwa kuchangiana, na kila mpangaji nilimpa nywila mwenyewe. Miezi hii ya karibuni kifurushi hakifiki tarehe 20. Mjukuu wangu alipakua programu ya kuhesabu vifaa vilivyomo kwenye Wi-Fi akakuta 11, wakati simu ninazozijua ni 7. Kisha Facebook ikanitumia taarifa kwamba mtu ameingia kwenye akaunti yangu akiwa Dar es Salaam, nami sijatoka Kigoma mwaka mzima. Taa za ruta huwaka na kuzima usiku kucha hata watu wakiwa wamelala. Wiki iliyopita nilipofungua ukurasa wa benki kwenye kompyuta, lilitokea onyo kwamba muunganisho si salama. Mpangaji mmoja anasomea mambo ya kompyuta chuoni, na sasa nyumba nzima inamtazama yeye. Fundi aliyetufungia ruta amehamia Kasulu, na nywila ya kuingilia kwenye mipangilio anayo yeye peke yake. Je, nimwondoe huyo kijana? Na nyumba yangu niilindeje?

Mwalimu mstaafu, Gungu, Kigoma

JIBU

Shikamoo mwalimu. Kijana usimwondoe, kwa sababu katika yote uliyoyaeleza hakuna hata jambo moja linalomwelekea yeye zaidi ya wapangaji wengine, isipokuwa masomo yake. Dalili nyingi ulizozitaja zina maelezo ya kawaida kabisa. Mawili tu ndiyo yanayonitia wasiwasi, nalo moja umelitaja mwishoni kana kwamba ni dogo: kwamba mipangilio ya ruta yako iko mikononi mwa mtu mwingine. Jingine ni onyo la benki. Nitayafikia yote mawili, lakini kwanza tuyaondoe yale yanayotisha bure.

Tuanze na vifaa 11. Mjukuu alihesabu vifaa, wewe ulihesabu simu. Televisheni inayoingia intaneti, kompyuta, printa, kamera ya ukutani na kishikwambi cha mtoto vyote huhesabiwa, na katika nyumba ya watu watano si ajabu vinne vikasahaulika. Lipo pia jambo ambalo limewagombanisha wengi. Simu zenye Android 10 na kuendelea, pamoja na iPhone tangu toleo la iOS 14 la mwaka 2020, hazijitambulishi tena kwenye Wi-Fi kwa namba yao halisi ya kiwandani, bali hutunga namba ya bandia ili mwenye simu asifuatiliwe kila anapopita. Kwa hiyo programu ya kuhesabu vifaa inaweza kuiandika simu ya mwanao mwenyewe kuwa kifaa kisicho na jina wala mtengenezaji, na baadhi ya simu hubadilisha namba hiyo kila baada ya muda, hivyo simu moja ikaonekana mara mbili katika orodha inayohifadhi waliopita. Njia ya kuujua ukweli ni kuwakusanya wapangaji jioni moja, wote wazime Wi-Fi kwenye simu zao, nanyi mzime televisheni na kompyuta, kisha muiangalie orodha upya baada ya dakika chache. Kitakachobaki hapo, na kikaendelea kubaki, ndicho cha kukitafutia mwenyewe. Faida nyingine ya kufanya hivyo hadharani ni kwamba kijana naye atakuwepo, na ataona anatendewa kama wenzake.

Kuhusu kifurushi, fanyeni hesabu kabla ya kumtafuta mwizi. Filamu yenye picha ya ubora wa juu inaweza kutumia takriban GB 3 kwa saa moja. Wapangaji wanne wakitazama saa moja tu kila usiku, hizo ni GB 12 kwa siku na GB 360 kwa mwezi, na hapo sijazitaja video fupi zinazojicheza zenyewe mtu anapopitisha kidole. Kompyuta ya Windows nayo hupakua masasisho makubwa kimya kimya, na simu hupandisha picha zote kwenye hifadhi ya mtandaoni kila zinapoionja Wi-Fi. Katika mipangilio ya mtandao ya Windows kuna sehemu ya kuieleza kompyuta kwamba muunganisho huu unalipiwa kwa kipimo. Ukiiwasha, sehemu kubwa ya masasisho itasubiri. Ruta nyingi za laini huonyesha pia jumla ya data iliyotumika kwa mwezi, na baadhi huonyesha matumizi ya kila kifaa. Ukipata ruta ya aina hiyo, mazungumzo ya mchango yatakuwa mafupi zaidi.

Taa ziache ziwake. Ruta na vifaa vyake husalimiana muda wote hata pasipo mtu anayetumia, na taa haiwezi kukuambia kama kinachopita ni salamu au ni wizi.

Ile taarifa ya Facebook inahitaji uangalifu zaidi, maana inaweza kuwa ya kweli au isiwe. Mitandao hii hukisia mahali ulipo kwa kutumia anwani ya IP, yaani namba inayoutambulisha muunganisho wako kwenye intaneti, na anwani hizo ni mali ya kampuni ya simu, si ya Gungu. Mawasiliano ya mteja wa Kigoma yanaweza kutokea kwenye intaneti ya dunia kupitia mitambo ya kampuni iliyoko Dar es Salaam, basi ukionekana huko usishangae. Mahali pasikusumbue, tazama kifaa na saa. Fungua sehemu ya usalama ya akaunti, ambako pameorodheshwa simu na kompyuta zilizoingia, na kama kuna aina ya simu ambayo hakuna anayeimiliki nyumbani kwako, itoe papo hapo na ubadilishe nywila ya akaunti. Ujue pia kwamba akaunti zinapoibwa, mara nyingi Wi-Fi haihusiki hata kidogo: mtu ametumia nywila ileile kwenye tovuti kadhaa, mojawapo ikavuja, au ameiandika mwenyewe kwenye ukurasa wa uongo aliotumiwa kwa WhatsApp.

Sasa tuje kwenye onyo la benki. Kabla ya yote, angalia tarehe na saa ya kompyuta. Kompyuta ya zamani ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa hurudi miaka kadhaa nyuma kila umeme unapokatika, na ikiwa na tarehe ya uongo, vyeti vya usalama vya tovuti zote, yaani vithibitisho vya kielektroniki kwamba tovuti ni ya mwenyewe, huviona vimeisha muda au havijaanza, nayo hutoa onyo kama hilo ulilolipata. Ikiwa tarehe ni sahihi na onyo linarudi kwenye benki hiyo kupitia Wi-Fi yako, lakini halitokei ukitumia data ya simu bila Wi-Fi, basi hapo ndipo penye jambo.

Kila unapoandika jina la tovuti, kifaa chako huiuliza kwanza seva ya DNS, kompyuta ya mtandaoni inayotunza orodha ya majina na anwani, anwani ya tovuti hiyo ni ipi, na kwa kawaida ruta ndiyo inayowaelekeza wote nyumbani waulize wapi. Mtu aliyeingia kwenye mipangilio ya ruta anaweza kuiandika seva yake mwenyewe hapo, na tangu siku hiyo kila anayeulizia benki ataelekezwa anakotaka yeye. Hili si jambo la kufikirika. Mwaka 2011 polisi wa upelelezi wa Marekani, FBI, pamoja na wenzao wa Estonia walilivunja kundi lililokuwa limeeneza programu ya DNSChanger katika kompyuta zipatazo milioni 4 kwenye nchi zaidi ya 100, na programu hiyo ilikuwa na uwezo wa kuzibadilisha hata ruta za nyumbani zilizoachwa na nywila ya kiwandani. Bahati nzuri ni kwamba tovuti za benki leo hutumia HTTPS, njia ya mawasiliano yaliyofungwa inayodai cheti, kwa hiyo tapeli anaweza kukupeleka kwake lakini hawezi kuonyesha cheti halali cha benki, na kivinjari hukataa. Onyo ulilolipata ndilo lililokukinga. Kitu cha hatari ni kubonyeza sehemu ya kuendelea hata hivyo, na kama ulifanya hivyo ukaandika namba yako ya siri, nenda kwenye tawi la benki leo, kabla hujarudi kwenye suala la ruta.

Nywila ya mipangilio aliyobaki nayo fundi ndiyo hasa mzizi wa swali lako. Nyumba nyingi huilinda nywila ya Wi-Fi kwa ukali na kusahau kwamba ruta ina nywila ya pili, ile ya kufungulia mipangilio, ambayo mara nyingi imeachwa kama ilivyotoka kiwandani, yaani neno «admin» kwa jina na «admin» kwa nywila. Simtuhumu fundi wako. Mafundi wengi huacha hivyo ili wakiitwa tena wasipate shida, au huwawekea wateja wote nywila moja. Matokeo yake ni kwamba yeyote aliye ndani ya Wi-Fi anaweza kuijaribu na kuingia. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai iliteka ruta na kamera kwa maelfu mengi duniani bila ufundi wowote wa ajabu, kwa kujaribu tu orodha fupi ya majina na nywila za kiwandani zipatazo 60.

Kwa kuwa nywila hiyo hunayo, irudishe ruta katika hali ya kiwandani. Nyuma au chini yake kuna tundu dogo. Ruta ikiwa inawaka, ingiza sindano au kipini, bonyeza kwa takriban sekunde 10 hadi taa zote zizime na kuwaka upya. Baada ya hapo majina na nywila zitakuwa zile zilizoandikwa kwenye kibandiko chini ya ruta, na mipangilio yoyote aliyoiacha mtu, ikiwemo ya DNS, itakuwa imefutika. Ruta ya laini kwa kawaida huitambua kampuni yenyewe na kuendelea na kazi. Wasomaji wenye faiba wasilifanye hili kabla ya kuipigia kampuni, kwa sababu vifaa vingi vya faiba vina jina na nywila ya mteja ambavyo vikifutika intaneti hukatika mpaka fundi wa kampuni aje.

Utaratibu unaofuata una mpangilio wake, na ukiuvuruga unaweza kufanya kazi mara mbili. Unganisha kompyuta kwa waya kama ruta ina tundu la waya, fungua anwani iliyoandikwa kwenye kibandiko, mara nyingi 192.168.8.1 au 192.168.1.1, na kitu cha kwanza ubadilishe nywila ya mipangilio. Ukianza na ya Wi-Fi, aliyemo kwenye mipangilio ataisoma mpya hata kabla hujamaliza kuwagawia wapangaji. Pili, pakua sasisho la programu ya ruta kama lipo. Mwaka 2018 programu hasidi iliyoitwa VPNFilter iligunduliwa kwenye ruta zisizopungua 500,000 katika nchi 54, na ruta ambazo hazijasasishwa ndizo zilizokuwa windo rahisi. Zima ruhusa ya kuingia kwenye mipangilio kutoka nje ya nyumba. Zima pia WPS, kile kitufe cha kuunganisha bila kuandika nywila, kwa sababu kina namba ya siri ya tarakimu 8 ambayo, kama alivyoonyesha mtafiti Stefan Viehböck mwaka 2011, ruta huikagua nusu kwa nusu, hivyo badala ya kubahatisha mara milioni 100 mvamizi anamaliza kazi kwa majaribio yasiyozidi 11,000. Katika aina ya ulinzi chagua WPA3 ya mwaka 2018 kama ipo na vifaa vyenu vinaikubali, la sivyo WPA2. Ruta yenye WEP peke yake ni ya makumbusho. Ulinzi huo ulivunjwa tangu mwaka 2001.

Ndipo uweke nywila ya Wi-Fi, na hapa nina ombi kwa wasomaji wote wa Kigoma na kwingineko: acheni kutumia namba za simu. Kila mtu anajua kwamba namba zetu za simu za mkononi zina tarakimu 10 na huanza na 06 au 07, kwa hiyo zinazobaki kubahatishwa ni 8 tu, na jumla yake haizidi milioni 200. Mvamizi wa WPA2 hasimami mlangoni akijaribu moja moja. Hunasa mawasiliano ya sekunde chache simu inapojiunga na ruta, akaenda nayo nyumbani, na kompyuta yenye kadi nzuri ya michoro ikajaribu laki kadhaa kwa sekunde. Milioni 200 haimalizi nusu saa. Nywila ya WPA2 inaruhusu herufi 8 hadi 63, basi chukua maneno manne au matano yasiyohusiana, yasiyo methali wala jina la mtoto, uyaunganishe. Yatakuwa marefu kwa mashine na mepesi kwa mpangaji kuyaandika.

Kuhusu wapangaji, ukweli ni kwamba nywila waliyopewa watu wanne si siri tena. Hata ambaye hakuitaja kwa mdomo, simu yake ya Android inaweza kutoa picha ya msimbo wa QR ili mgeni ajiunge, na chini ya picha hiyo simu nyingi huiandika nywila kwa maandishi. Shemeji aliyekuja kutembea mwezi wa tatu anaweza kuwa bado anajiunga kila anapopita barabarani. Ruta nyingi zina mtandao wa wageni. Wapangaji wote uwaweke humo, ukiwa na nywila yake, na mtandao mkuu ubaki wa kompyuta yako, simu yako na kamera. Walio kwenye mtandao wa wageni hupata intaneti lakini hawavifikii vifaa vyako wala ukurasa wa mipangilio, ilimradi ruhusa ya kuvifikia imezimwa kwenye ruta. Nywila ya wageni ibadilishwe kila mpangaji anapohama. Iwe sehemu ya makabidhiano kama funguo za chumba.

Malizia na akaunti zako, ukianza na barua pepe kwa kuwa ndiyo inayofungulia nyingine zote. Badilisha nywila ukiwa kwenye data ya simu, kisha washa uthibitisho wa hatua mbili. Ni bora utumie programu ya simu inayotoa namba za uthibitisho kuliko namba ya kutumiwa kwa ujumbe mfupi, maana laini inaweza kusajiliwa upya na tapeli. Ukipiga *106# utaona idadi ya namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA.

Na ikiwa baada ya yote haya kifaa kigeni kinarudi? Piga picha ya skrini yenye tarehe, saa na namba ya kifaa, kisha nenda polisi ukapewe RB. Kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila ruhusa ni kosa chini ya kifungu cha 4 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Mwenyekiti wa mtaa ana nafasi yake katika ugomvi wa nyumba, lakini kikao cha kumtuhumu mtu mbele ya majirani kwa ushahidi wa programu ya kuhesabu vifaa mimi sikishauri.

SWALI

Nina steshenari maeneo ya Isevya, Tabora. Rafiki yangu alinishauri nifiche jina la Wi-Fi lisionekane, na niandike kwenye ruta namba za vifaa vinavyoruhusiwa tu. Nikifanya hivyo, je, bado nahitaji nywila ndefu?

Mfanyabiashara, Tabora

JIBU

Unaihitaji, ndugu yangu, na ukiwa nayo hayo mawili hayakuongezei kitu kikubwa. Jina lililofichwa hutajwa waziwazi kila kifaa kinapojiunga, na mwenye programu ya kusikiliza mawimbi huliona. Zaidi ya hapo, simu iliyozoeshwa jina lililofichwa huenda ikilitaja kila mahali, sokoni na kwenye basi, ikilitafuta. Namba za vifaa nazo husafiri bila kufichwa, hivyo mvamizi huinakili iliyoruhusiwa na kuivaa. Kwa wateja wa steshenari utateseka mwenyewe tu, kwa sababu simu zao hubadilisha namba, nawe utashinda unaandika. Kompyuta zako zenye nyaraka za wateja zitenge na mtandao wanaoutumia wateja. Kwangu hilo ndilo la kwanza, kwani watu wanakuachia nakala za vyeti na vitambulisho vyao, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakutaka uzitunze.

SWALI

Nimepigiwa simu na mtu anayedai anatoka kampuni ya intaneti. Amesema ruta yangu imedukuliwa na ananitaka nimsomee namba iliyoingia kwenye ujumbe mfupi ili aisafishe. Sijamsomea bado. Nifanyeje?

Msomaji, Ujiji

JIBU

Usimsomee. Namba hiyo ni ya kufungulia akaunti yako, na kusafisha ruta hakuihitaji. Usipakue pia programu yoyote atakayokutajia, kwa kuwa nyingi humruhusu kuiendesha simu yako akiwa mbali. Kata simu, ipigie kampuni kwa namba iliyo kwenye mkataba wako, uwaulize kama wana taarifa yoyote kuhusu laini yako. Akikutumia ujumbe wa kitapeli, utume kwenda namba 15040 pamoja na namba iliyoutuma.